Hodi kwa Mwami

Bahati alifika Jumamosi, saa tano asubuhi, juu ya pikipiki kutoka Kiwanja, magunia mawili ya maharagi yamefungwa nyuma yake na mfuko wa plastiki tumboni, ndani ya koti. Magunia alimwachia motard, yule mwenye pikipiki, ayateremshe. Mfuko aliuingiza mwenyewe, akauweka juu ya meza yangu katikati ya vikombe, akasema, "Kavira, usinikasirikie." Hapa Goma hakuna tena anayeniita Kavira hivi hivi tu, kwa wote mimi ni Mama Gloire. Nilijua kilichomo kabla hajafungua, kwa ile pembe nyeusi iliyotoboa plastiki. Ilikuwa machine ya michezo ya Paluku, na manette moja ya kuchezea, ile nyingine imepotea, na carte mémoire inayohifadhi mchezo bado imechomekwa mahali pake na kipande cha bande nyeupe ya kubandika chenye herufi P. Mama yake Paluku tulikuwa tumemzika mwezi uliotangulia, kule Kiwanja alikohamia baada ya kufiwa na mtoto. Bahati alikuwa jirani yake hadi mwisho, na ndiye aliyeagizwa: hii mupelekee yule binti. Miaka kumi na minane imepita tangu Paluku afe, nina mvi, nina watoto watatu, na kwa mama yule nilibaki binti. Nilimmiminia Bahati chai nikihisi hasira inanipanda, na haikuwa hasira ya Bahati.

Ule mwaka nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilikuwa nalinda mlango wa salle ya michezo ya Paluku, upande wa Ndosho. Nasema salle, lakini ilikuwa nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volcano, na sakafu ambayo haikunyooka hata tulipoipiga nyundo wiki nzima. Ndani kulikuwa na télé tatu na mabenchi manne. Télé mbili zilikuwa za mpira. Hapo walikuja motards na wanafunzi, wakipiga kelele mpaka jirani yetu mshonaji anagonga ukuta kwa mkasi. Ya tatu, ile ya pembeni, ilikuwa ya Milango Tisa. Hilo jina tuliupa mchezo sisi wenyewe. Jina lake la kweli lilikuwa kwa herufi ambazo hakuna mmoja wetu aliyezijua, kwenye disque iliyonakiliwa na kukwaruzwa mpaka tulikuwa tunaipangusa kwa dawa ya meno. Unakuwa mtu mmoja, unampa jina, unatembea. Watu wa njiani wanakuambia maneno usiyoyaelewa, unapigana na wanyama, unaongezeka nguvu kidogo kidogo, unafungua mlango mmoja, halafu mwingine. Nyuma ya mlango wa tisa anakaa mtu mkubwa wa mawe, mwenye taji na nyundo, ambaye tulimwita Mwami, yaani mfalme. Nyuma ya Mwami kulikuwa na mwisho wa mchezo, ambao hakuna mtu wa Ndosho aliyekuwa ameuona.

Sheria zilizaliwa siku ya mvua, wakati wateja wamefungiwa ndani na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote. Bahati alikuwa amefika mlango wa nne, kwenye ng'ombe wa moto aliyekuwa anatutesa wote. Akagundua kwamba ukipanda jiwe fulani, yule ng'ombe hawezi kupanda. Anazunguka tu, anazunguka, anainua kichwa, anazunguka. Bahati alisimama juu ya jiwe akamtupia mishale nusu saa nzima, huku akitafuna muhindi wa kuchoma kwa mkono mmoja, na benchi lote linacheka. Paluku alitoka nyuma, akaangalia kidogo, akachomoa waya wa télé.

"Sasa unanichomolea juu ya nini?" Bahati alisema. "Nilikuwa namushinda."

"Hukukuwa unamushinda. Ulikuwa unamuua."

"Si ni kitu kimoja?"

"Wapi. Wenye walimutengeneza walisahau kumufundisha kupanda. Wewe unamupiga juu ya makosa ya fundi wake."

"Machine ni bête, haina akili, Paluku. Si mimi niliifanya bête."

"Sawa, ni bête. Wewe uko na akili. Sasa hiyo akili yako imefanya nini hapo? Imekula muhindi."

Walicheka mpaka mshonaji akagonga. Lakini mazungumzo hayakuisha na mvua, yaliendelea wiki mbili, na mimi nilikuwa nayasikia kutoka mlangoni. Kumtupia moto mnyama wa barafu, je, ni wizi? Hapana, Paluku alisema, huo ni ujuzi, na waliomtengeneza walijua ana udhaifu huo, wamempa kwa makusudi. Kuvuta maadui mmoja mmoja ili wasikuzunguke? Walibishana jioni tatu, mwisho wakakubali, kwa sababu yule unayemvuta anakuja kupigana kwa miguu yake. Shida kubwa ilikuwa wale wanaosahau. Katika mchezo ule, adui akikufuata mpaka mbali na kituo chake, anafika mahali anasimama, anageuka, anaanza kurudi kana kwamba hajawahi kukuona. Hapo ndipo kila mtu alikuwa anampiga mgongoni, hata mimi. Paluku alisema, "Mutu anarudi kwake. Amekusahau. Unamupiga mugongo, halafu unaniambia wewe ni mupiganaji?" Motard mmoja akamuuliza afanye nini basi, amwimbie? Paluku akasema: bisha hodi. Piga upanga chini mara mbili, ageuke, akuone, halafu mupigane. Akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa mlangoni mistari mitatu. Simama pahali anaweza kukufikia. Usimupige mwenye anarudi kwake. Akikusahau, bisha hodi.

Tulimcheka sana. Lakini baada ya mwezi mmoja, mtu akimkaribia adui kwa nyuma, benchi zima lilikuwa linasema hodi, hodi, hodi, mpaka anaona haya na kupiga upanga chini. Walikuja wachezaji kutoka Mugunga waliojiona wakali, tukawaonyesha ubao kwanza. Mmoja alikasirika akaondoka; kesho yake akarudi akabisha hodi pamoja na sisi. Najua inasikika kama upuuzi. Nje ya zile mbao hakuna mtu aliyekuwa anambishia mwenzake hodi, wenye bunduki walikuwa wanaingia nyumba za watu wanavyotaka, na sisi tulikuwa tunabishana kuhusu heshima ya ng'ombe wa moto asiyekuwepo. Nikimweleza binti yangu Gloire leo, ananiuliza adui wa mchezo anaumia wapi. Haumii popote. Paluku hakusema hata siku moja kwamba anaumia. Alikuwa anaangalia mkono ulioshika manette.

Alianza kuvimba miguu kabla ya Pasaka. Alisema ni viatu. Akabadilisha viatu, akavaa sandale, sandale nazo zikamwachia alama. Kwenye hospitali munganga alimwambia ni figo, zote mbili, na kwamba kuna machine inayosafisha damu lakini hapa haipo, na kule iliko ni kwa watu wengine. Alisema hivyo kwa adabu, akamwandikia karatasi ya vitu vya kuacha. Cha kwanza kilikuwa chumvi. Mama Paluku akafunga salle, akauza télé mbili, akatandika kitanda cha Paluku katikati ya chumba kile kile, na ile télé ya pembeni akaiweka kwenye stuli miguuni pake. Akawa anapika nyungu mbili, moja ya Paluku bila chumvi, moja yetu. Baada ya wiki akaacha ile ya pili. Tulikula samaki wadogo wa sambaza bila chumvi, majani ya sombe bila chumvi, maharagi yanayoteleza mdomoni bila ladha yoyote, sisi watatu tumekaa kwenye ukingo wa kitanda, na hakuna aliyesema neno kuhusu chakula. Mpaka leo nikila kitu kisichokolea moyo unaniuma.

Macho yalianza kufifia mwezi wa saba. Ilikuwa presha ya damu inapanda, munganga alisema. Aliona mwanga na vivuli, aliona mlango uko wapi, lakini ubao wake mwenyewe hakuweza tena kuusoma. Mikono nayo ilitetemeka. Ndipo aliponiambia anataka kitu kimoja. Alikuwa ameacha mtu wake mbele ya mlango wa tisa, na jina la huyo mtu lilikuwa PALUKU kwa herufi kubwa. "Nataka kufika nyuma ya Mwami," alisema. "Wewe utakuwa mikono yangu." Bahati, aliyekuwa anakuja kila siku na mikate, akamwambia kuna watu wameuweka ule mwisho kwenye internet, anaweza kumtafutia kwa simu ya shemeji yake. Paluku akasema, "Hiyo ni mwisho yao." Bahati akatoka nje kufunga kamba za viatu vyake ambavyo havikuwa na kamba.

Basi tukaanza. Umeme ulikuja siku moja, siku mbili ukakaa kwao, na siku ulipokuja niliacha kila kitu. Nilikaa chini, mgongo kwenye kitanda, Paluku amelala nyuma ya kichwa changu akisikiliza. Alikuwa ameendesha salle miaka sita, alijua kila sauti. "Anainua nyundo," ananiambia kabla mimi sijaona. "Kulia. Kulia, Kavira. Haya, tumekufa." Mwami alituua kila namna. Alituponda, alitusukuma shimoni, alitupigia ukuta ukatuangukia. Kuna mara alitusahau, akageuka kurudi kwenye kiti chake, mgongo wote wazi, na kidole changu kikataka. Paluku akasema tu, "Hodi." Nikapiga upanga chini mara mbili, Mwami akageuka, tukafa. Paluku alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akicheka, na sikujua, ningejua ningeangalia uso wake badala ya télé.

Mbao hazifichi kitu. Siku moja nilikuwa nachambua lengalenga nyuma ya nyumba nikamsikia Mama Paluku akiongea na mama mwingine wa parokia yetu, upande wa pili wa ukuta. Yule mama alimuuliza kama watamwombea kwenye novena ya mwezi ujao. Mama Paluku akasema, "Munganga ameniambia tusihesabu miezi." "Na wiki?" "Ameniambia tuhesabu siku, na tushukuru kila moja." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya kuagiza unga. Niliendelea kuchambua mboga mpaka nikagundua natupa majani na kuweka vijiti. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na sikuwa nimewahi kutaka kitu kwa nguvu hivyo, si ndoa, si masomo. Nilitaka afike nyuma ya Mwami kabla hajaenda. Nilikuwa nimekata tamaa ya mengine yote, na kukata tamaa kote nikakuweka kwenye kile kitu kimoja.

Ile ngazi niliigundua kwa bahati mbaya. Paluku alikuwa amesinzia, mimi nakimbia nyundo, nikapanda ngazi iliyovunjika kando ya nguzo ya kushoto. Ngazi mbili tu, haziendi popote. Mwami akanifuata, akafika chini yake, akakwama. Akaanza kutembea akielekea ukuta, uso kwenye ukuta, miguu inakwenda na mwili hauendi. Nikasimama. Hakuniona, hakunifikia, hakurudi kwake. Upanga wangu ulikuwa unamfika begani. Nilizima machine nikaenda kukaa nje juu ya bidon la maji. Nilikaa na siri hiyo siku tatu bila umeme.

Umeme ulirudi Jumapili, tumetoka misa ya pili. Mama Paluku alikuwa anapepea makala ya jiko mlangoni. Paluku hakuwa amekula tangu Ijumaa, na mdomo wake ulikuwa na harufu ile ambayo sikujua maana yake na sasa naijua. Nikawasha. Nikamwambia, "Leo tutamupata." Nilipigana kidogo kwa haki, nasema ukweli, dakika kama mbili, na Mwami alishanipunguza nusu ya nguvu. Halafu nikakimbilia kushoto, nikapanda. Mwami akaja, akakwama kwenye ukuta. Nikaanza kupiga. Na nikaanza kusimulia, Mungu anisamehe, nikamwambia amepiga kulia nimeruka, amepiga kushoto nimezuia, nikamtungia Paluku vita vyote, huku Mwami anatembea ukutani na mimi nabonyeza kitufe kimoja.

Paluku akasema, "Miguu yake haibadiliki."

Nikaendelea kupiga.

"Kavira, anatembea pahali pamoja. Uko juu ya kitu."

"Karibu anaisha, Paluku."

"Shuka."

"Hapana."

"Shuka, nakuomba. Bisha hodi, tufe, tuanze tena."

"Tuanze tena lini?" nilimwambia, na sauti yangu ikatoka mbaya. "Niambie. Lini?"

Nilisikia kitanda kinalia nyuma yangu, nikahisi vidole vyake kwenye bega langu, vinatafuta njia kuelekea manette. Vilikuwa vimevimba na havikuwa na uzito wowote. Nikasogea mbele, nusu metre tu, kwa matako, bila kugeuka. Mkono ukaanguka kwenye ukingo wa kitanda. Nikapiga mpaka Mwami akavunjika.

Nyuma ya Mwami kuna shamba. Ndiyo hayo tu. Shamba la majani, kisima, mtu wako amesimama na upanga wake chini, na maneno ya zile herufi yanapanda polepole, na muziki wa filimbi. Nikaanza kumweleza, Paluku, kuna shamba, kuna kisima, na nikageuka. Alikuwa amegeukia ukuta. Akasema, "Zima." Nikazima. Mama Paluku alikuwa amesimama mlangoni na pepeo mkononi, sijui tangu lini.

Aliishi siku tisa tena. Aliniomba maji, aliniuliza kama mvua inakuja, aliniambia aksanti kila nilipomgeuza ubavu. Hakunitukana, hakuninyima neno lolote la kawaida. Ila jina langu hakulitaja tena, na mimi sikuomba msamaha, kwa sababu nilikuwa namkasirikia. Nilijiambia nimempa kitu alichokiomba, na yeye ananilipa kwa ukuta. Alikufa Jumanne mchana, mimi nimekwenda kuteka maji. Niliporudi walikuwa wamekwisha kumfunga kitambaa kidevuni.

Miaka mingi niliwaza juu ya Mwami, kama ule ulikuwa wizi au haukuwa. Nilijitetea vizuri. Machine ni bête, fundi alisahau, mgonjwa anakufa, sheria ni za chaki. Ningeshinda kesi hiyo mbele ya hakimu yeyote. Nilikuwa na miaka karibu arobaini, nimeketi na mtoto wangu mwenye malaria, ndipo nikaelewa kwamba kesi haikuwa ya Mwami. Mtu wa mawe hakuwa amenyang'anywa kitu. Aliyekuwa haniwezi, aliyekuwa anajua nilipo na hana njia ya kunifikia, alikuwa amelala nyuma yangu. Nilisimama mahali ambapo mkono wake haufiki, nikafanya nilichotaka mimi, kwa sababu ni mimi niliyekuwa siwezi kuvumilia afe katikati. Yeye alikuwa tayari kufa akiwa bado anajaribu. Hilo ndilo alilokuwa ameliomba, na nilikuwa nimelisikia vizuri.

Bahati alimaliza chai. Nikamwambia yote, kwa mara ya kwanza, huyo huyo mla muhindi juu ya jiwe. Alisikiliza akikunjakunja ule mfuko wa plastiki.

"Nilijua," alisema. "Mama Paluku aliniambia zamani. Alisikia."

"Alisema nini?"

"Alisema hakukukasirikia. Alisema na yeye alimuwekea chumvi kwenye mboga ile wiki ya mwisho, kidogo, ili ale. Na hakumwambia."

"Na Paluku?"

"Alikula yote. Alinyamaza."

Najua mama yule alinitumia neno hilo kama dawa, na nilitamani linifae. Lakini chumvi mtu anaweza kuitema.

Bahati aliinuka akaunganisha waya kwenye télé yangu bila kuniomba ruhusa. Sikuamini itawaka. Ikawaka, na disque ile ile, iliyokuwa imebaki ndani yake, ikakwaruza, ikasita, ikasoma. Ule mchezo hauhifadhi kitu baada ya Mwami kuanguka. Ukizima, unakurudisha pale ulipohifadhi mara ya mwisho. Kwa hiyo alikuwa pale. Amesimama mbele ya mlango wa tisa, ngao mgongoni, jina lake juu ya kichwa, PALUKU, akipumua polepole kama wanavyopumua watu wa michezo wakikungoja. Nililia hapo, mimi nisiyelia mbele ya watu. Bahati akaniwekea manette mapajani.

Nikafungua mlango. Mwami alikuwa kwenye kiti, amegeuka upande wa pili. Ngazi iliyovunjika ilikuwa pale pale, kushoto, na macho yangu yaliiona kabla ya kitu kingine chochote. Nikatembea katikati ya ukumbi, mahali ambapo nyundo inafika kila upande, nikapiga upanga chini mara mbili.

Akageuka. Alituua haraka sana.

"Tena?" Bahati aliuliza.

"Tena."

Alituua mara kumi na moja, mpaka umeme ukaenda.